Twahara, Sitara na Haki ya Jirani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: yako mas-ala ambayo watu huyaonea haya kuyataja, na kwa sababu ya haya hiyo hubaki bila ya kupimwa kwa mizani ya haki na batili. Mojawapo ni hili la vitambaa vya hedhi na mawinda ya watu wazima wasioweza kuzuia mkojo. Haya ni sehemu ya imani, lakini haikupata kuwa kizuizi cha elimu. Bibi Asma binti Abubakar (R.A.) amepokea habari ya mwanamke aliyemwendea Mtume (S.A.W.) na kumuuliza waziwazi juu ya damu ya hedhi iliyoingia nguoni. Akaelekezwa aikwangue, aisugue kwa maji, aioshe, kisha asali na nguo ile ile. Katika jawabu hilo mna twahara, na mna pia funzo la pili ambalo wengi hulipita: nguo iliyoingia najisi haitupwi, bali huoshwa ikarudi kutumika.

Suali lenyewe leo ni hili: Je, yafaa mtu kutupa kila siku kilichochafuka kwa mwili wake, ilhali anajua kwamba kinakwenda kumsumbua mtu asiyemjua? Na yule aliyechagua kufua, je, ana haki ya kumtwisha mwingine kazi ya kufua huko?

Suali hili huonekana vizuri katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Huko wanakaa Waislamu wengi kutoka Afrika ya Mashariki, khasa Wasomali, ambao baadhi yao walijifunza Kiswahili katika kambi za wakimbizi za Kenya, na wako Wakenya na wengineo. Familia nyingi zinaishi katika majengo marefu ya mtaa wa Cedar-Riverside, yaliyofunguliwa mwaka 1973. Kilichotupwa katika nyumba za Minneapolis hakipotei. Sehemu kubwa ya taka za mji huo hupelekwa katika mtambo wa kuchomea taka uitwao HERC, uliofunguliwa mwaka 1989 karibu kabisa na katikati ya mji, nao huchoma kiasi cha tani 365,000 kwa mwaka. Wakaazi wa upande wa kaskazini, ambao wengi wao ni weusi na wenye kipato kidogo, wamelalamikia moshi wake kwa miaka mingi, hata mwaka 2023 baraza la kaunti ya Hennepin likaamua kuandaa mpango wa kuufunga kati ya mwaka 2028 na 2040.

Na ifanywe hesabu nyepesi. Mwanamke mwenye hedhi ya siku 5, akabadilisha mara 4 kwa siku, hutupa pedi 240 kwa mwaka, na kwa miaka 35 zitapindukia 8,000. Mzee anayebadilishwa winda mara 4 kila siku hutupa 1,460 kwa mwaka mmoja tu. Nyingi ya hizo zina plastiki ndani yake, na plastiki haiozi kama pamba. Ikichomwa huwa moshi na majivu, na majivu nayo hutafutiwa ardhi ya kufukiwa. Uislamu umekataza kudhuru, na haukumvua katika katazo hilo aliyedhuru kidogo kidogo pamoja na wenziwe. Jirani hapotezi haki yake kwa kuwa wanaomuudhi ni wengi wala hawamjui kwa jina.

Wala kufua si jambo geni. Neno sodo ni la zamani katika Kiswahili, na winda lilifungwa watoto na wazee wa pwani kabla ya duka lolote kuuza pedi. Pedi za kutupwa zilienea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati kampuni moja ya jimbo la Wisconsin, jirani na Minnesota, ilipoanza mwaka 1920 kutengeneza pedi kwa malighafi iliyokuwa ikitumika kwa majeraha ya askari. Basi dasturi ya kutupa ina umri wa karne moja tu, na dasturi ya kufua ni ya vizazi vyote vilivyotangulia.

Lau atasema mtu: “Kufua najisi ni kupoteza maji, na israfu imekatazwa,” atajibiwa kwamba maji yaliyotumika kwa haja si israfu, na israfu ni yale yanayopita haja. Maji ya miji hiyo miwili hutoka katika mto Mississippi, mto mkubwa kabisa; lakini Mtume (S.A.W.) alikataza ufujaji wa maji hata kwa mwenye kutawadha katika mto unaopita. Kwa hiyo huroweka kwanza kwa maji baridi, kwani ya moto huigandisha damu katika uzi. Kisha husugua mpaka dhati ya najisi iondoke, na maji yale humwagwa. Ndipo kitambaa kikatiwa mashineni na kusuuzwa kwa maji safi. Kilichokwisha ondolewa najisi hakina cha kunajisi nguo nyingine. Alama iliyokataa kutoka baada ya juhudi imesamehewa. Na lau atasema, “Nyumba zetu hazina jua la kuanikia, na kipindi cha baridi theluji hukaa miezi,” hilo ni kweli. Nao hukausha kwa mashine au ndani ya msala. Huu ni uzito, na aliyeshindwa nao asilaumiwe.

Hapa ndipo penye uzito wa suali la pili. Katika nyumba nyingi anayefua si anayechafua. Mama mzee amepoteza nguvu ya kuzuia mkojo, na binti yake anarudi kutoka kazini saa 4 za usiku. Mtoto wa kiume anayesema, “Tutumie ya kufua, ni bora kwa dunia,” kisha akaingia chumbani kulala, amefanya wema kwa mikono ya dada yake. Wema huo hauna uzani mkubwa. Katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24, watoto wameamrishwa ihsani kwa wazazi waliofikia uzee, na kukatazwa hata neno dogo la kuchoshwa nao. Amri hiyo haikuwataja mabinti peke yao. Basi nyumba inayochagua mawinda ya kufua na igawane kufua. Isipoweza kugawana, ya kutupwa ni halali yao, na mzee asionyeshwe kuwa yeye ni mzigo.

Sitara ya mzee nayo ni haki. Mwenye ugonjwa wa kutokwa na mkojo ana udhuru kisheria: hujifunga kadiri awezavyo, hutawadha kwa kila sala, na halazimishwi asichokiweza. Vivyo hivyo mwanamke mwenye istihadha. Na kwa madhehebu ya Ibadhi, ambayo huweka siku 10 kuwa ukomo wa hedhi, damu inayopita hapo haimzuii kusali, bali hukoga, hujifunga na kusali. Katika mas-ala haya kujifunga kitambaa ni fundisho la tangu zama za Mtume (S.A.W.). Ikiwa sheria imemsitiri mgonjwa, haifai watu wa nyumba kumfedhehi kwa kuanika mawinda yake mbele ya wageni au kumwita kikojozi.

Pia isidhaniwe kuwa kila kinachofuliwa ni salama na kila kinachotupwa ni hatari, au kinyume chake. Mwaka 1980 Wamarekani walishtushwa na ugonjwa mkali wa sumu ya bakteria uliowapata wanawake wenye kutumia tamponi. Madaktari wa idara za afya za Minnesota, Wisconsin na Iowa wakachunguza pamoja, wakakuta hatari ikiongezeka kadiri tamponi inavyonyonya zaidi. Na aina moja iliyotajwa sana iliondolewa sokoni na wenye kuitengeneza mwezi wa Septemba mwaka huo. Kwa upande wa pili, baadhi ya chupi za hedhi za kufuliwa zimewahi kukutwa na kemikali za PFAS, ambazo haziozi. Watu wa mashariki ya Saint Paul wanazijua vyema, kwani ziliingia katika maji yao ya chini ya ardhi, na mwaka 2018 kampuni ya 3M ilikubali kulilipa jimbo dola milioni 850. Sheria ya Minnesota ya mwaka 2023 imezuia, tangu Januari 1, 2025, kuuzwa bidhaa za hedhi zilizotiwa kemikali hizo kwa makusudi. Mwenye kununua na aulize kilichomo.

Na mnyonge asihukumiwe kwa mizani ya mwenye nacho. Vitambaa vizuri hugharimu fedha nyingi kwa mara moja, ijapokuwa baadaye huokoa. Minnesota imezilazimisha skuli kuweka bidhaa za hedhi bure kwa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12 tangu Januari 2024. Na Kenya iliondoa kodi yake tangu mwaka 2004. Msichana anayepata pedi ya bure skuli asiambiwe ni mfujaji. Kumnyima masomo ni dhara kubwa kuliko taka yake.

Kwa ufupi, mwenye maji, nafasi na mikono ya kusaidiana, kufua ni bora kwake, kwani kunaunganisha twahara, uchache wa matumizi na haki ya jirani. Asiyekuwa navyo, udhuru wake unakubaliwa, ila asizidishe kuliko haja. Na yule anayehubiri kufua aanze kwa kukunja mikono ya kanzu yake, aende kwenye beseni la mama yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.