Mtoto Akiuliza Habari ya Nyota

Mtoto akiuliza habari ya ile nyota kubwa ing'aayo kabla ya mapambazuko, asijibiwe kwa hofu, wala asiambiwe kwamba huleta kifo au bahati. Ajibiwe kweli.

Ile ni Zuhura, mojawapo ya sayari nane zinazolizunguka jua. Ndiyo ile ile ionekanayo majira mengine upande wa magharibi, jua likiisha kutua. Haina nuru yake yenyewe; huangazwa na jua. Zebaki huzunguka jua kwa siku 88, Zuhura kwa siku 225, dunia yetu kwa siku 365. Kisha zafuata Mirihi, Mushtarii, Zohali, Uranus na Neptune; hii ya mwisho hutumia miaka 165 hivi.

Hakuna hata moja ijichaguliayo njia. Itawezaje basi kumchagulia mtoto siku zake? Mzazi amfungaye mtoto dawa mkononi kwa kuogopa nyota amesahau kwamba nayo ni kiumbe. Aliyeiumba ndiye aliyemwumba mtoto.

Basi Zuhura ikionekana, mwonyesheni mtoto, mtajieni jina lake, kisha mfanye pamoja naye ishara ya msalaba.