Kelele Ni za Nani?

Ndugu msomaji, kama hujawahi kufika Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, siku za soko, nakuomba ufike mara moja tu ukiwa na kitabu mkononi. Keti popote, fungua ukurasa wa kwanza, halafu uniambie umefika wa ngapi. Makonda kwenye barabara ya Moshi wanaita "Usa! Usa!", muuza mitumba anapiga makofi na kuimba bei, mhubiri kashika kipaza sauti, mashine ya kusaga inanguruma. Na katikati ya hao wote yupo mama yangu, anauza ndizi mshare. Sauti yake naitambua hata nikiwa mbali.

Sauti hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka nikamaliza kidato cha nne. Nasema mapema, usije ukaniona najisikia nikianza kulalamika.

Mwaka jana nilikuwa narudia mtihani wa hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea, na usiku nahangaika na riwaya yangu. Hatua chache kutoka dirishani kwangu, kijana mmoja akafungua kibanda cha vocha na chaja za simu. Akaweka spika mlangoni. Muziki kuanzia asubuhi mpaka saa nne usiku! Nilikuwa nasoma sentensi moja mara sita na bado sijui imesema nini. Siku moja nikavaa viatu niende kwa mwenyekiti wa kitongoji kumshtaki. Mama akaniuliza swali moja tu: "Na mimi nikishtakiwa?"

Nikavua viatu.

Washikaji kijiweni wakaniambia mimi ni mvivu, eti mwenye nia husoma hata stendi. Maneno hayo tumelishwa tangu shule ya msingi, nami niliyaamini. Siku hizi siyaamini. Kule New York kulikuwa na shule iliyojengwa jirani na reli ya juu. Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft na mwenzake walichapisha matokeo yao: watoto wa madarasa ya upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili, na wale wakubwa walikuwa nyuma karibu mwaka mzima. Baadaye reli ikawekewa mpira na madarasa yakawekewa dari za kupunguza sauti. Alipochapisha tena mwaka 1981, pengo lilikuwa limekwisha. Watoto wale hawakuhubiriwa habari za juhudi. Walipunguziwa kelele, basi.

Kumbe basi tunamwita mtoto mvivu wakati kosa liko relini.

Hapo ndipo nikamkumbuka mtoto wa mama ntilie anayepakana na meza ya mama yangu sokoni. Yuko darasa la tano. Jumamosi hukaa chini ya meza, kwenye kreti la soda, daftari magotini. Nilimwuliza anawezaje. Akanijibu, "Hesabu nafanya. Hadithi ndiyo siwezi, maneno yao yanaingia." Ametamka kitu ambacho wanasaikolojia wamekipima: ukiwa unasoma, maneno unayoyaelewa yanakuvuruga kuliko mvumo tu wa mashine. Na maneno yanayomwingia yule mtoto, mengine ni ya mama yangu. Ndizi zilizonipa mimi elimu zinamnyima yeye ukurasa.

Sasa haki iko wapi? Utaniambia atafute mahali patulivu. Ziwa Duluti liko hapa hapa, msitu na ndege tu, lakini kuingia kunalipiwa. Utaniambia sheria. Sheria ipo: ya mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kelele za mwaka 2015. Lakini nani atakwenda na kipimo kumnyamazisha mwanamke anayeuza ndizi mchana kweupe? Mimi siwezi, na sidhani ni haki.

Nionavyo mimi, kelele ya riziki ina haki yake, ila haina haki ya saa zote ishirini na nne. Na anayetaka kimya asikidai bure kama vile kazi yake ya kalamu ni takatifu kuliko chaja za mwenzake. Alipe kitu. Nilikwenda kwa yule kijana, si kwa mwenyekiti. Nikamwambia, "Kaka, mimi nina mwandiko mzuri, wewe huna bango." Tukakubaliana: nimwandikie bango, yeye azime spika saa mbili usiku. Siku nyingine anasahau, namgongea. Siku nyingine biashara imelala mchana kutwa, ananiomba nusu saa zaidi, nampa.

Lile la soko sijaliweza. Soko haliwezi kuzimwa, wala mama hawezi kuuza ndizi kwa kunong'ona. Nilichofanya ni kumwomba mama ntilie Jumamosi mtoto aje kwetu, chumbani kwangu, kuanzia saa nne mpaka saa sita. Anakuja na kitabu chake cha hadithi. Siku ya kwanza nilimkaribisha, nikamweleza riwaya yangu, wahusika wake, na mwisho niliougeuza mara tatu.

Akaniangalia, kidole kikiwa bado kwenye mstari, akasema, "Kaka, unaongea sana."