Je, Jedwali Linaweza Kudanganya?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeanza kuandika tasnifu hukabidhiwa mwongozo. Humo ataambiwa ukubwa wa herufi, upana wa pambizo, nafasi kati ya mistari, na kwamba kichwa cha jedwali hukaa juu ya jedwali ilhali maelezo ya mchoro hukaa chini ya mchoro. Ataambiwa pia sehemu za kazi yake zifuatane vipi: ikisiri, utangulizi, mapitio ya maandishi, mbinu, matokeo, mjadala, hitimisho. Majarida tunayoyaota, kama Mulika na Kiswahili ya Dar es Salaam, nayo yana masharti yake. Yote hayo tumezoea kuyahesabu kuwa usafi wa kazi, sawa na kupiga pasi shati kabla ya kwenda kwenye usaili. Shati likiwa na makunyanzi utachekwa, lakini hakuna atakayesema umetenda dhambi.

Mtazamo huo ndio ninaoupinga katika insha hii. Ninadai kwamba baadhi ya maamuzi tunayoyaita ya mpangilio ni maamuzi ya kimaadili. Mtu anaweza kuandika makala yasiyo na sentensi hata moja ya uongo, wala tarakimu hata moja ya kubuni, na bado akawa amemdanganya msomaji wake.

Tuchukue mfano mwepesi. Tuseme katika shule fulani waliofaulu Kiswahili walikuwa asilimia 62 mwaka jana na asilimia 66 mwaka huu. Mtafiti anachora nguzo mbili. Akianzisha mhimili wima kwenye sifuri, nguzo hizo zitakaribia kulingana. Akiuanzisha kwenye 60, nguzo ya pili itakuwa ndefu mara tatu ya ile ya kwanza, na mkuu wa shule ataibandika ofisini. Tarakimu zipo kando ya mhimili, tena ni sahihi. Mchoraji akiulizwa atajibu: sikuficha kitu, someni namba.

Jibu hilo si la kipuuzi, na anaweza kupata wakili mkubwa wa kumtetea. Immanuel Kant, ambaye wengi wetu tunamjua kama mwanafalsafa asiyeruhusu uongo hata kwa muuaji anayebisha hodi, alitoa mfano mwingine katika mihadhara yake ya maadili. Nikifunga mizigo yangu, watu wanaoniona watadhani ninasafiri. Huenda hilo ndilo hasa ninalotaka wadhani. Hata hivyo, anasema Kant, sijawaambia uongo, kwa kuwa sikuwatangazia nia yangu wala hawakuwa na haki ya kunidai niitangaze. Wameona mizigo, wakahitimisha wenyewe.

Mchora nguzo angependa sana kujificha nyuma ya mizigo hiyo. Lakini tuangalie kwa nini Kant alimwachilia mfunga mizigo: wale majirani hawakuwa na dai lolote juu yake. Jirani anayechungulia dirishani hana haki ya kujua niendako. Msomaji wa jarida hachungulii, amealikwa. Mwandishi aliyeweka mchoro kwenye ukurasa amemwambia msomaji, kwa kitendo hicho chenyewe, kwamba hapa pana matokeo na umbo hili ni mfano wa ukubwa wake. Nguzo ni tamko. Urefu wake unasema kitu kabla namba haijasomwa, na mwandishi anajua kwamba jicho hufika kwenye nguzo kwanza. Kwa hiyo hoja ya Kant, ikisomwa kwa makini, inamhukumu mchoraji badala ya kumwokoa.

Mwingine atasema: basi tuweke sheria kwamba kila mhimili uanze kwenye sifuri, mjadala uishe. Sheria hiyo ingekuwa rahisi kwa wasahihishaji, ila isingekuwa ya kweli. Mgonjwa ambaye joto la mwili limepanda kutoka nyuzi 36.5 hadi 39.5 yumo hatarini. Chora mstari wa joto hilo kwenye mhimili unaoanza sifuri, nao utaonekana umelala kama maji ya mtungini. Homa imefichwa kwa kufuata sheria. Nguzo husomwa kwa urefu wake wote, ndiyo maana zinahitaji sifuri, ilhali mstari husomwa kwa mwendo wake wa kupanda na kushuka. Kinachotakiwa ni swali ambalo hakuna mwongozo unaoweza kulijibu kwa niaba ya mwandishi: umbo hili litamfanya msomaji aamini nini, na je, mimi mwenyewe ninaliamini hilo?

Kwa upande wa majedwali mambo ni magumu zaidi, maana jedwali lina sura ya mtu mnyoofu. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala mafupi katika jarida la American Economic Review kuhusu deni la serikali na ukuaji wa uchumi. Waliigawa miaka ya kila nchi katika makundi manne kwa kutazama deni likilinganishwa na pato la taifa: chini ya asilimia 30, kati ya 30 na 60, kati ya 60 na 90, na zaidi ya 90. Kwa nchi tajiri baada ya Vita Vikuu vya Pili, kundi la mwisho lilitoa wastani wa ukuaji wa asilimia hasi 0.1. Namba hiyo ilisafiri. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitaja walipotaka kubana matumizi ya serikali.

Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, alikuwa na zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala maarufu. Hesabu zikakataa kutoka. Aliwaomba waandishi faili yao, nao wakampa, jambo ambalo ni la heshima na lisisahauliwe. Ndani ya faili akakuta fomula ya wastani iliyosimama kwenye mstari wa 44 badala ya 49, na nchi tano zimeachwa nje. Yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walipohesabu upya walipata asilimia 2.2 badala ya hasi 0.1. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula, ila waliendelea kuutetea msimamo wao wa jumla kwamba deni kubwa huambatana na ukuaji mdogo.

Fomula iliyokatika ndiyo iliyovuma, nayo kwa kweli ni ajali tu. Ninaloliona kuwa zito kimaadili ni jambo jingine katika hesabu ileile. Kila nchi ilipewa mstari mmoja, kisha mistari ikatafutiwa wastani. Katika kundi la deni kubwa, Uingereza ilikuwa na miaka 19, na ukuaji wake wa wastani ulikuwa asilimia 2.4. New Zealand ilibaki na mwaka mmoja tu, 1951, uchumi ulipopungua kwa asilimia 7.6. Mstari kwa mstari, mwaka mmoja ukapata uzito sawa na miaka 19. Kuna hoja ya kuutetea utaratibu huo, kwa sababu miaka ya nchi moja hufanana kama ndugu na kuihesabu kila mmoja peke yake kunaweza kuipa nchi moja sauti kubwa mno. Sisemi waandishi walikuwa na hila. Ninasema kwamba anayetazama wastani wa mwisho peke yake hawezi hata kujua kwamba uamuzi huo ulifanywa. Mwenye kupanga mistari na safu amekwisha kuamua nani ahesabiwe kuwa mmoja.

Tusidhani haya ni ya wakubwa wa Harvard tu. Katika maktaba zetu zimo tasnifu zenye majedwali yanayosema kwamba "asilimia 66.67 ya wahojiwa" wanapendelea Kiswahili sokoni, na ukirudi kwenye sura ya mbinu unakuta wahojiwa walikuwa watatu. Wawili kati ya watatu! Zile desimali mbili zinavaa koti la maabara. Safu moja yenye idadi ya watu ingetosha kumvua, na safu hiyo haili hata sentimita mbili za ukurasa. Ninapoona jedwali lisilo nayo, siku hizi huanza kuuliza kama ni usahaulifu.

Vipi kuhusu sehemu za makala? Peter Medawar, mwanabiolojia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1960, aliuliza katika mazungumzo ya redio ya BBC mwaka 1963 kama makala ya kisayansi ni ulaghai. Alilenga mpangilio wenyewe: utangulizi, mbinu, matokeo yanayomiminika kana kwamba mtafiti hakutarajia lolote, halafu mjadala ambamo anajifanya kujiuliza maana yake. Akili haifanyi kazi hivyo. Dhana huja kwanza, au huja katikati, au hubadilika njiani.

Hapa simfuati hadi mwisho. Wasomaji wa jarida wanajua kwamba sehemu hizo ni desturi, kama tunavyojua kwamba barua inayoanza na "Mpendwa" haitoki kwa mpenzi. Desturi inayojulikana na pande zote mbili haimdanganyi mtu. Ila kuna mahali desturi hiyo inageuka kuwa maficho. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Norbert Kerr aliandika juu ya tabia ya kutunga nadharia tete baada ya kuyaona matokeo, kisha kuiweka kwenye utangulizi kana kwamba ilitangulia. Msomaji anaamini nadharia ilijaribiwa ikaweza kuanguka, kumbe ilishonwa kwa vipimo vya mwili uliokwishalala mezani. Sehemu ni zilezile, na pambizo ni zilezile.

Kuna na mambo madogo. Programu ya TeX aliyoianzisha Donald Knuth mwishoni mwa miaka ya 1970, pamoja na LaTeX ya Leslie Lamport iliyojengwa juu yake, huacha majedwali na michoro ielee hadi itakapopata nafasi, hata ukurasa wa mbele. Aliyeandika "jedwali lililo hapa chini" hujikuta amesema jambo lisilo kweli bila kukusudia, ndiyo maana hutakiwa kutaja namba ya jedwali. Vivyo hivyo rangi. Makala mengi hutufikia kupitia fotokopi za Wandegeya, ambako nyekundu na kijani zote hutoka kijivu. Mwandishi aliyetofautisha mistari yake kwa rangi pekee hajadanganya mtu, lakini amechagua ni nani atakayeweza kumhakiki, na wengi wetu hatumo.

Kesi ngumu nimeiacha nyuma makusudi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol walijaribu kuwashawishi wakuu wao na wale wa NASA wasirushe chombo cha Challenger kwenye baridi. Walituma kurasa 13 za chati. Hakuna hata moja iliyoweka joto na uharibifu wa mipira ya kuzibia pamoja, kwa safari zote zilizotangulia. Baadaye ripoti ya tume ya uchunguzi ilionyesha kwamba safari zote nne za kwenye nyuzi 17 za Selsiasi au chini yake zilikuwa na uharibifu, na safari tatu tu kati ya 20 za kwenye nyuzi 19 au zaidi. Ukiziondoa safari zilizokwenda salama, mwelekeo huo hauonekani. Chombo kilirushwa, na watu saba wakafa.

Edward Tufte, mtaalamu wa michoro ya takwimu, aliandika mwaka 1997 kwamba chati mbaya zilichangia uamuzi ule. Roger Boisjoly, mmoja wa wahandisi waliopinga urushaji, alimjibu pamoja na wenzake mwaka 2002: Tufte hakuielewa hoja yao, na takwimu alizotaka zichorwe hawakuwa nazo zote mkononi usiku ule. Nikiyasoma majibizano hayo ninaona dai langu mwenyewe likinigeukia. Nikisema mpangilio ni suala la maadili, ninawapa wenye mamlaka kisingizio cha kusema hawakuonyeshwa vizuri. Wahandisi walikuwa wamesema wazi, kwa maneno, msirushe. Ni mameneja walioamua kinyume chao, na meneja ndiye aliyetia saini.