Sikio na Kabati

Mtu akikwambia kuwa anayo santuri ambayo duniani kote zimebaki chache za kuhesabika, amekueleza nini? Juu ya muziki uliomo hajakueleza kitu. Amekupa hesabu, na ndani ya hesabu hiyo amejiweka yeye mwenyewe. Swali ninalotaka kulichungua hapa ni la miliki: mwenye kitu adimu ambacho kimeumbwa ili kisikilizwe anamiliki nini khasa, na wengine wana haki gani juu ya kile alichokifungia? Ningeweza kulitazama kwa kupitia miswada ya tenzi, na huenda hilo lingetufaa zaidi sisi watu wa visiwani. Nimechagua, hata hivyo, muziki wa jazi wa Wamarekani Weusi, ambao nimeupenda tangu ujanani na ambao maelezo ya nyuma ya majalada yake yamenifundisha nusu ya Kiingereza changu. Ushairi una karatasi, na pasipo karatasi una vifua vya watu. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakumbuka na kuyakusanya mashairi ya Muyaka miongo kadhaa baada ya mshairi kufariki, na leo tunayasoma. Mpigaji wa jazi hutunga palepale anapopiga. Usiku ukiisha, alichokitunga kimekwenda na upepo, ila kama palikuwepo chombo cha kunasa sauti. Santuri ndiyo shahidi wa pekee, na aliyeishika ameshika zaidi ya sahani.

Tuwatazame kwanza wale waliozama kabisa. Kampuni ya Blue Note, iliyoanzishwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, mhamiaji kutoka Ujerumani, ilikuwa mpaka ilipouzwa katikati ya miaka ya 1960 ikizipeleka santuri zake kupigwa chapa katika kiwanda cha Plastylite. Kiwanda hicho kilikuwa na desturi ya kuacha alama ndogo kwenye ile sehemu tupu iliyo baina ya mwisho wa muziki na karatasi ya katikati. Alama yenyewe ni herufi P ya mwandiko wa mkono, iliyopinda kiasi cha wapenzi kuiita sikio. Mnunuzi wa leo huichukua santuri, akaiinamisha chini ya taa, akalitafuta sikio hilo kwa macho. Kisha husoma anuani ya kampuni iliyochapwa kwenye karatasi ya katikati, maana anuani zilibadilika na kila anuani ina bei yake. Katika santuri ya Hank Mobley ya mwaka 1957, yenye namba 1568, nakala inayosakwa kuliko zote ni ile ambayo anuani ileile imeandikwa kwa namna moja upande huu na kwa namna nyingine upande wa pili. Nakala kama hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola. Muziki wenyewe umekwisha kutolewa upya mara nyingi, na aupendaye aweza kuupata kwa bei ya chakula cha mchana.

Mobley, mpigaji wa saksafoni mwenye sauti laini isiyopenda makeke, alifariki Philadelphia mwaka 1986 baada ya miaka ya maradhi na dhiki. Santuri inapouzwa kwa mkono wa pili, mpigaji hapati kitu. Silitaji hili kwa kuwalaumu wanunuzi, kwani sheria haikuwataka kutoa zaidi. Nalitaja kwa sababu bei ile hutufanya tudhani kuwa ni heshima kwa fundi, na sijui heshima gani hii ambayo mwenyewe hakuionja.

Hata hivyo sitaki kumfanya mkusanyaji kuwa bakhili wa hadithi za watoto. Bila ya wazimu wake tungekuwa maskini. Mwaka 1942, Marekani ilipokuwa vitani, lakiri iliyotengenezewa santuri, ambayo asili yake ilikuwa India, iliadimika, na watu wakahimizwa kuzirudisha santuri kuukuu ili zisagwe na kufinyangwa upya. Nani ajuaye sauti ngapi zilisagwa humo? Zilizosalimika zilisalimika mara nyingi kwa sababu palikuwa na mtu mmoja mkaidi aliyekataa kutoa. Makampuni nayo hayakuwa walinzi wazuri. Kikao alichorekodi John Coltrane na wenziwe tarehe 6 Machi 1963 kilisikika na umma mwaka 2018 tu; kanda kuu ya kampuni ilikuwa haipo tena, na iliyotuokoa ni nakala iliyotunzwa na familia ya Naima, mke wake wa kwanza. Mwenye ghala alitupa. Mwenye sanduku la nyumbani alihifadhi.

Na wakusanyaji wamefanya kingine kikubwa zaidi ya kuhifadhi: wamebishana. Santuri za miaka ya 1920 aghalabu ziliandikwa jina la bendi tu, tena wakati mwingine la uongo. Nani anapiga tarumbeta hapa? Yule wa piano ni nani? Maswali haya yalijibiwa na watu wasio na shahada wala ofisi, walioandikiana barua, wakaazimana santuri, wakarudia kipande kimoja mara ishirini mpaka sindano ikachoka. Milt Gabler, mwenye duka la Commodore huko New York, alianza mwaka 1935 kuzitoa upya santuri zilizoadimika, na akachapisha majina ya wapigaji kwenye karatasi ya katikati, jambo ambalo makampuni makubwa hayakujishughulisha nalo. Mwaka uliofuata Charles Delaunay alitoa Paris kitabu kizima cha kuorodhesha santuri za jazi na waliozipiga. Elimu hii yote ilizaliwa katika mabishano, na mabishano yalitaka sharti moja: kwamba wanaobishana wote wamesikia.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwangu. Rai juu ya muziki hupimwa kwa masikio ya wengine. Ikiwa mimi peke yangu ndiye niliyesikia, rai yangu haina wa kuikanusha, na nitajiona hodari bure. Mwaka 1951 mpigaji tarumbeta Roy Eldridge, aliyekwisha kuchoshwa na ubaguzi wa rangi, alidai kuwa angeweza kumtambua Mweusi na Mweupe kwa kusikiliza tu. Mwandishi Leonard Feather alimsikilizisha santuri kadhaa bila ya kumtajia majina, matokeo yakachapishwa katika jarida la Down Beat: Eldridge alikosea mara nyingi, na akakiri. Nampenda kwa kukiri kule kuliko kwa dai lake. Lakini angalieni, kilichowezesha ni santuri iliyowekwa mbele ya watu wawili. Angalieni pia kilichotokea Ufaransa katika miaka ya 1940, ambapo Hugues Panassié alikataa katakata kuwa mtindo mpya wa Charlie Parker na Dizzy Gillespie ni jazi, akafarakana na Delaunay aliyekuwa mwenzake wa siku nyingi. Ugomvi ule ulikuwa mkali, na baadhi ya maneno yake leo yanachekesha. Ila kila msomaji aliweza kuitia santuri kwenye gramafoni na kuamua mwenyewe nani kakosea. (Kwa rai yangu, Panassié alikosea, na alikosea kwa sauti kubwa.)

Wajapani walilipatia jambo hili ufumbuzi ambao sijaona mwingine mzuri zaidi. Santuri za Marekani zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida, basi kukazuka mikahawa ambayo mwenyewe hununua santuri, na mteja akinunua kikombe kimoja cha kahawa hukaa akasikiliza, aghalabu kwa ukimya kama wa darsani. Mmoja katika mikahawa hiyo, Chigusa wa Yokohama, ulifunguliwa mwaka 1933. Santuri zake ziliteketea mji ulipopigwa mabomu mwaka 1945, na mwenyewe akaanza kukusanya upya. Baada ya vita, Toshiko Akiyoshi, binti aliyekuwa akijifunza piano ya jazi, alikuwa akienda hapo kusikiliza na kuandika kwa mkono alichokisikia. Baadaye akawa mmoja wa watunzi na viongozi wa bendi kubwa wanaosifika ulimwenguni. Mwenye mkahawa alikuwa mkusanyaji kama wenzake, na sina shaka alikuwa na wivu juu ya santuri zake, kwani aliyewahi kuona mkono mchafu ukishika santuri yake anaijua hofu hiyo. Lakini kabati lake lilikuwa na mlango uliofunguka asubuhi.

Sisi hatumo nje ya hadithi hii. Mwezi wa Novemba 1960, huko New York, Randy Weston alirekodi santuri aliyoiita Uhuru Afrika, kwa maneno ya Langston Hughes, na ndani yake Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anaghani kwa Kiswahili. Hii ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Tanganyika yenyewe kupata uhuru. Serikali ya Makaburu iliipiga marufuku huko Afrika Kusini. Miaka kumi baadaye Herbie Hancock na wenziwe wakajipa majina ya Kiswahili. Yeye akawa Mwandishi, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson akaitwa Mganga, naye kweli alikuwa daktari. Kwa mtu wa tafsiri kama mimi, kuisikia sauti ya Sanga ni jambo kubwa kuliko kuisoma habari yake: jinsi anavyokaza neno, wapi anavuta pumzi. Na nakala za asili za santuri ile ni chache. Lugha ni yetu, sauti ni ya mwenzetu. Je, aliyeinunua kwa halali na kuifungia hatudaiwi chochote naye?

Nitajibiwa kuwa mali ni mali, na kwamba kugawa ovyo pia ni dhuluma, kwa kuwa wengi waliogawa walimwibia mpigaji haki yake. Ni kweli, na ndiyo maana sidai kuwa kila kitu kinakiliwe na kutawanywa. Kumsikilizisha mtu si kumnakilia. Lugha yetu ina neno amana, nalo lina kitu ambacho neno mali halina: aliyeishika huulizwa.

William Savory alikuwa fundi stadi wa sauti. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, alipokuwa akifanya kazi New York, alinasa kwenye diski matangazo ya redio ya Count Basie, Billie Holiday, Lester Young, Coleman Hawkins na wengineo, wakipiga kwa nafasi wasiyoipata studio, ambako kipande kilitakiwa kiishe kwa dakika tatu. Sehemu fulani ya hazina hiyo ilitumika katika santuri za Benny Goodman miaka ya 1950. Iliyobaki aliiweka katika masanduku. Mpigaji na mtafiti Loren Schoenberg alimfuata kwa zaidi ya miaka ishirini akiomba kusikiliza, na hakuruhusiwa. Savory alifariki mwaka 2004. Mwaka 2010 mwanawe aliyakabidhi masanduku kwa makumbusho ya jazi ya Harlem, diski zinazokaribia 1,000, na kuanzia mwaka 2016 baadhi ya muziki huo ukatolewa kwa umma. Nyingi zilikuwa zimeingia kuvu na kubanduka, na mafundi wakazihangaikia moja moja kwa miaka. Chache zilishindikana kabisa. Yaliyokuwamo katika hizo aliyasikia Savory.