Ukubwa wa Gari Uko Wapi?
Gereji ninayofanyia kazi, Ohio, ina Chevrolet Impala ya 1976, urefu karibu mita 5.7. Mwaka uliofuata General Motors waliifupisha kama sentimita 27, na abiria wa nyuma wakapata nafasi zaidi ya miguu! Honda Accord ya 2018 haifiki hata mita 5. Ila serikali ya Marekani, inayopima nafasi ya abiria na ya buti, huiweka daraja la magari makubwa.

Aristotle alifundisha kwamba kubwa na dogo huja kwa kulinganisha: mlima waweza kuitwa mdogo, punje ikaitwa kubwa. Simkubalii moja kwa moja. Mimi ni mrefu. Magoti yakibana kitini hayangoji gari la pili. Atanijibu kwamba nimelinganisha gari na mwili wangu. Haya, lakini kipimo hicho mwenye Impala hakitaki, maana yeye alinunua boneti.