Kalimba ya Sauti Tano na Swali la Hiari

Kalimba ya sauti tano, ala ndogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, humpa mgeni raha ambayo ala nyingi humnyima kwa miaka: anaishika kwa mara ya kwanza, hajafundishwa lolote, na muziki unatoka. Sababu yake inaeleweka na kila mwanakwaya wa Masasi au Ndanda aliyefundishwa kwa solfa. Ondoa fa na ti, ubaki na do, re, mi, so na la. Nusu-sauti zote mbili zimeondoka, ya mi na fa na ya ti na do, na umeondoka pia ule mgongano mkali wa fa na ti zenyewe. Zilizobaki, uzipange utakavyo, hazigombani. Hapo ndipo linapozuka swali la dini kabla ya kuwa la muziki: tendo lisiloweza kuharibika lina sifa gani kwa mtendaji? Madrasa za Mikindani hufundisha kwamba malaika hawamuasi Mungu, ilhali binadamu ameachiwa hiari na kwa hiyo atahesabiwa. Wakristo nao husoma kwamba Adamu aliachwa karibu na tunda. Pande zote mbili zimeuweka uzito wa wema wetu kwenye uwezo wetu wa kuukataa. Basi kalimba hii, wanasema wapinzani wake, inampa mtu wema wa bure.

Mimi sikubali, kwa kuwa kosa halikuondolewa, limehama. Tazama ngoma za sindimba, mchezo wa Wamakonde, huko Newala na Tandahimba. Mpigaji huipasha ngozi moto wa nyasi kavu mpaka ikaze, akaijaribu kwa kiganja, akairudisha motoni, kisha akaingia kazini na milio michache tu: wa katikati ya ngozi, wa ukingoni, na wa kofi. Hakuna hata mmoja ulio wa makosa. Hata hivyo mpigaji mbovu hutambulika mara moja. Anawahi, au anachelewa. Anajaza nafasi iliyopaswa kuachwa wazi. Hamsikii mwenziwe anayeshika mdundo. Haoni kwamba viuno vya wachezaji vimeshabadili mwendo. Hilo ni kosa la wakati na la kutosikiliza, na ni kosa hasa, maana linawaharibia wengine. Kalimba ya sauti tano humfikisha anayeanza kwenye mtihani huohuo bila kumpitisha kwanza katika aibu ya noti mbovu. Kupiga ovyo bado anaweza. Anaweza pia kuwafunika wenzake.

Wagogo wanalijua hili tangu zamani. Ilimba yao, ala ya jamii ya kalimba, hufuata mfumo wa sauti tano, na marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003 baada ya miaka mingi ya kazi Bagamoyo, aliipiga mbele ya dunia nzima. Katika ilimba kubwa vipo vyuma ambavyo kidole hakivigusi. Huitika vyenyewe vyuma jirani vinapolia. Hakuna aliyemsikia Zawose akadhani kazi ile ni rahisi kwa sababu sauti ni tano.

Yapo mapingamizi mazito zaidi. La kwanza ni kwamba ngazi hii ya sauti tano si ya Wamakonde, ambao uimbaji wao una sauti saba na hupenda kwenda sambamba, sauti moja juu ya nyingine. Ni kweli, na asitokee mtu wa kuiuza kalimba hii Mtwara kama urithi wa Makonde. Lakini kitu kuwa kigeni hakukifanyi kiwe cha uongo. Pingamizi la pili linaniuma zaidi: ti huvuta kurudi do, na katika mvuto huo muziki huweza kusema kiu, majuto na marejeo. Sauti tano haziwezi kusema hayo kwa njia hiyo. Anayetaka kuyasema itambidi aende mbele, akutane na noti zinazogombana. Hiyo ni sababu ya kutobaki mlangoni maisha yote, si sababu ya kuufunga mlango.

Kwa hiyo walimu wa muziki wa kusini, wapeni watoto kalimba hizi bila hofu. Waketisheni wawili wawili, mmoja apige, mwingine asubiri mpaka aone pa kuingia, na mumsifu zaidi yule aliyesubiri.