Jiwe Lililochomwa

Katika maisha yangu ya kazi nilitia saini karatasi nyingi mno: vyeti, barua za tabia njema, ripoti za mazoezi ya kufundisha. Nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu nilidhani nimeachana nazo zote. Lakini ipo karatasi moja ambayo haikuniacha, na kilichonifanya niitazame upya ni jiwe.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Arusha kwa mazishi ya ndugu yangu. Nikiwa nangoja basi la kurudi, mtu wa makamo alisimama mbele yangu akainama kidogo. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, "Marahaba, mwanangu," huku nikimtafuta katika kumbukumbu. Alikuwa mwanachuo wangu mwaka 1993. Ualimu aliuacha zamani. Sasa alikuwa dalali wa madini ya vito. Akanichukua mpaka katika ofisi yake ndogo, akaniagizia chai, kisha akafungua kikaratasi na kuweka mezani mawe mawili ya tanzanite.

La kwanza lilikuwa la hudhurungi, kama kipande cha sukari guru. La pili lilikuwa buluu inayoelekea zambarau, ukiligeuza linaonyesha rangi hii na ile. "Haya ni ndugu, Mwalimu," aliniambia. "Yametoka shimo moja. Hili limechomwa, lile bado."

Wengi wetu tunajua kwamba tanzanite huchimbwa Mererani tu, katika Wilaya ya Simanjiro, na kwamba iligunduliwa mwaka 1967. Pengine si wengi tunaojua ilivyozaliwa. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yaliposukumana, miamba ya upande huu wa Afrika ilikunjwa na kubanwa kwa joto na uzito mkubwa. Maji ya moto yenye madini yalipenya katika nyufa, na humo, katikati ya miamba yenye kinywe, madini yaitwayo zoisaiti yakaganda kidogo kidogo kuwa fuwele. Zoisaiti peke yake haina rangi ya kujivunia. Chembe chache za vanadi ndizo zilizoileta buluu. Vito vingi vya rangi vina habari kama hiyo. Yakuti nyekundu na yakuti samawati ni madini ya aina moja: iliyoingiwa na kromi ikawa nyekundu, iliyoingiwa na chuma na titani ikawa samawati. Kwa hiyo tunachokiita uzuri wa kito, mara nyingi ni uchafu kidogo uliopata mahali pake.

Lakini tanzanite nyingi hutoka ardhini zikiwa na hudhurungi iliyoifunika buluu. Hutiwa katika tanuri, joto likapandishwa polepole mpaka karibu nyuzi 500 au 600 za Selsiasi, na ile hudhurungi hutoweka. Buluu hubaki, wala rangi hairudi nyuma tena. Moto haukuongeza kitu. Uliondoa kilichokuwa kimeziba. Kazi hii hutaka subira, kwani jiwe lenye ufa likiharakishwa hupasuka. Na ikishakwisha, mara nyingi hata mtaalamu hupata taabu kuthibitisha kama jiwe lilipita motoni au lilizaliwa hivyo.

Hapo ndipo lilipoanza swali langu. Ikiwa mnunuzi hawezi kujua, na jiwe ni zuri, na rangi yake itadumu, kuna haja gani ya kumwambia? Mwenyeji wangu alisema kwamba wapo wenzake wanaojibu upesi: kila mtu anajua kuwa tanzanite huchomwa. Jibu hilo lina ukweli wake, maana katika biashara hiyo huchukuliwa kwamba karibu zote zimepita motoni. Lakini huyo "kila mtu" ni nani? Ni dalali, ni mchongaji, ni mwenye duka. Bibi harusi anayevishwa pete hayumo. Jambo linalojulikana na wauzaji peke yao haliwezi kuitwa desturi ya soko; ni siri ya upande mmoja.

Tena kuna kuchoma na kuna mengine. Zumaridi, ambayo mara nyingi huwa na nyufa, tangu zamani hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimeenea sokoni yakuti nyekundu hafifu, zenye nyufa tele, zilizojazwa kioo chenye risasi zikameta kama za thamani kubwa. Yakuti yenyewe ni ngumu, karibu na almasi, lakini kioo kile huharibiwa hata na maji ya ndimu. Mwenye pete huona jiwe lake likifuka jikoni, asijue kwamba alichonunua kwa bei ya yakuti kilikuwa kioo kwa sehemu kubwa.

Nami, kama ilivyo tabia ya walimu, nikaanza kutoa somo. Nikamwambia kwamba elimu ni kama ule moto wa tanzanite: haimtii mtu kitu kigeni, bali humtoa kilichokuwemo. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, unaikumbuka alama yangu ya mazoezi ya kufundisha?"

Niliikumbuka. Alikuwa kijana mwema, mtiifu, lakini hakuweza kufundisha. Mbele ya darasa alitetemeka, akasahau somo, na kwa kuona aibu akashika fimbo. Wakufunzi waliomkagua walimpa alama ya chini ya kufaulu. Baba yake alikuwa amefariki mwaka ule, na nyuma yake walikuwapo wadogo wanne. Nikaichukua ripoti ile, nikaibadilisha alama, nikatia saini. Usiku ule nililala vizuri, nikijiona mtu wa huruma.

"Nilidhani umeniokoa," alisema. "Nilisimama mbele ya watoto miaka mitatu nikijua kwamba siwezi. Sikuwa na wa kumwomba msaada, kwa sababu karatasi ilisema naweza."

Sikuwa na neno la kumjibu. Hakusema kwa hasira, na hilo lilinielemea zaidi.

Tangu siku ile nimelipima jambo hili mara nyingi. Mtu anaweza kunitetea kwamba nilimlisha yatima, na kweli wadogo zake walisoma kwa mshahara ule. Silidharau jambo hilo hata leo. Lakini huruma ile niliilipia kwa mali isiyo yangu. Walioilipa ni watoto wa kijiji kimoja, darasa baada ya darasa, ambao wazazi wao waliamini kwamba mhuri wa chuo hausemi uongo. Ningeweza kumbakiza muhula mmoja zaidi, nikamketisha nyuma ya darasa la mwalimu hodari, nikampandisha polepole mpaka woga umtoke. Huo ndio moto niliokuwa nikiuhubiri. Huenda angekuwa mwalimu. Huenda angepasuka, tukamwelekeza kwenye kazi nyingine mapema. Badala yake niliujaza ufa wake kioo, nikampeleka sokoni.

Ninaona sasa kwamba kumbadilisha mtu au kitu ili kipendeze si dhambi. Asili yenyewe ilianza na moto, na anayemlaumu mchomaji wa jiwe amlaumu pia mpishi wa chungu. Mimi hujiuliza maswali mawili. Kwanza, je, uzuri huu umetoka ndani ya kitu chenyewe, au umebandikwa kufunika upungufu? Pili, je, ningeweza kumweleza nilichofanya yule atakayeutegemea? Swali la pili ndilo zito zaidi. Wenye tanuri wanaweza kusema "nimelichoma" mbele ya mnunuzi, na biashara ikaendelea. Mimi nisingeweza kusimama mbele ya wazazi wa kijiji kile nikasema, "Nimebadilisha alama." Kwa kutoweza kusema, ningejua.

Kabla ya kuagana nilinunua kijiwe kidogo kwa ajili ya mke wangu. Kwenye stakabadhi, chini ya uzito na bei, aliandika neno moja: limechomwa. Sikuwa nimemwomba. Nilipofika nyumbani nilimkabidhi mama jiwe pamoja na karatasi yake. Aliisoma, akauliza maana yake, nikamweleza. "Basi vizuri kwamba wamesema," akajibu, akalipeleka kwa sonara. Pete ile huivaa siku za sikukuu, na huivua anapoosha vyombo, maana tanzanite si ngumu kama yakuti.

Ripoti ya mwaka 1993 sijui iko wapi. Huenda mchwa wameshaila. Watoto waliosoma chini ya saini yangu sasa ni watu wazima wenye watoto wao, nami sina namna ya kuwafikia mmoja mmoja. Ndiyo maana nimeliandika hapa, kwa mkono uleule uliotia saini.